Machozi ya Kuazima katika Mji wa Vumbi

Jina la Nakuru husemwa limetokana na Kimaasai, kwa maana ya mahali pa vumbi. Aliyesimama kando ya ziwa wakati wa kiangazi, upepo wa alasiri ukivuma, hana la kubisha. Maji yale ni ya magadi. Yakirudi nyuma huacha ufuo mweupe, nao ukikauka hupeperuka. Katikati ya miaka ya 1990 ziwa lilikaribia kukauka lote. Kariandusi, karibu na Gilgil, kuna vumbi jingine jeupe: diatomaiti, mabaki ya viumbe vidogo vya ziwa la kale, yanayochimbwa hadi leo.

Kinga ya jicho dhidi ya haya yote ni utando wa machozi wenye unene wa mikromita 3 hivi.

Utando huo si maji matupu. Chini kuna ute unaoyashikisha machozi kwenye jicho, katikati maji yenye chumvi, na juu mafuta yanayoyazuia yasikauke. Tezi za mafuta hayo, zilizojipanga ukingoni mwa kope, zilielezwa na Mjerumani Heinrich Meibom mwaka 1666. Mafuta yakipungua, machozi hukauka upesi, jicho huwasha kana kwamba lina mchanga, kisha hububujika likijitetea. Ndiyo maana watu wengi hushangaa kuambiwa macho yao ni makavu ilhali leso imelowa.

Mwaka 1903 Otto Schirmer alibuni kipimo ambacho bado kinatumika: kikaratasi kinaning'inizwa kwenye kope ya chini kwa dakika 5, kisha daktari anapima kimelowa milimita ngapi. Miaka 30 baadaye, huko Stockholm, Henrik Sjögren alitetea tasnifu kuhusu wanawake 19 wenye macho makavu, 13 kati yao wakiwa na maumivu ya viungo pia. Wakubwa wa chuo hawakuithamini sana. Leo ugonjwa ule unaitwa kwa jina lake, na kila mgonjwa anayelalamikia macho na magoti kwa pamoja ana deni kwake.

Kuhusu dawa, zamani jicho lilioshwa kwa maji ya chumvi, nayo hayakai. Mwaka 1945 Mmarekani Kenneth Swan aliandika juu ya methiliselulosi, kitu kinachotokana na mimea, ambacho kikichanganywa na maji huwa kizito na kuteleza. Machozi ya bandia yakapata mwili. Mwenzake wa baadaye alitoka kwa ng'ombe: mwaka 1934 Karl Meyer na John Palmer walikuwa wamepata asidi ya hialuroniki ndani ya jicho la ng'ombe, na kufikia miaka ya 1980 ilikuwa ikijaribiwa kama matone. Mfugaji wa Bonde la Ufa angefurahi kulijua hilo.

Nakuru nayo ina nafasi yake katika elimu ya macho. Mwaka 2007 na 2008 Dkt. Wanjiku Mathenge na wenzake waliwapima watu 4,414 wenye umri wa miaka 50 na zaidi. Miaka michache baadaye daktari wa macho Andrew Bastawrous alikwenda kuwatafuta tena, akijaribu pia kupima uwezo wa kuona kwa simu ya mkononi. Kazi hiyo ililenga hasa upofu, na ni haki, kwani mtoto wa jicho hupofusha. Lakini ukavu nao humchosha dereva wa matatu na fundi wa kuchomelea siku nzima, na haustahili kudharauliwa.

Lakini matone ya kutibu ukavu huo nayo yana hatari, iliyomo kwenye chupa yenyewe. Mwaka 2023 nchini Marekani, matone ya kulainisha macho yaliyotengenezwa India yalihusishwa na bakteria sugu: watu 81 waliugua, 14 wakapoteza uwezo wa kuona, 4 wakafariki. Matone yale hayakuwa na dawa ya kuzuia vijidudu. Dawa hiyo nayo, ikitumika mara nyingi kwa siku, huudhi jicho. Ndiyo maana kuna pia vichupa vya kutumia mara moja na kutupa, ambavyo bei yake ni ya juu.

Kwenye kemisti, basi, swali la kwanza liwe chupa ile ni ya nini. Matone ya kuondoa wekundu hubana mishipa tu, na wekundu hurudi. Yenye steroidi, yakitumiwa kiholela, huweza kupandisha presha ya jicho hadi glakoma. Ya kulainisha ni mengine kabisa, na chupa nyingi za aina hiyo zikishafunguliwa hutupwa baada ya wiki 4, hata kama bado zimejaa nusu.