Kivumishi "consequent" na Historia ya Kahawa ya Ruiru na Thika

Mfasiri akikutana na kivumishi rasmi cha Kiingereza "consequent" hugundua upesi kwamba Kiswahili hakina kivumishi cha kulingana nacho. Asili yake ni kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kufuata. Lakini Mwingereza hukiweka mbele ya nomino bila ya kutaja mtenda wala wakati. Sisi hatuna budi kurudi kwenye kitenzi: "-liofuata", "-liotokana na", "-liosababishwa na". Wengi huyachukua maumbo haya matatu kuwa ni mamoja. Sivyo, na historia ya mashamba ya Ruiru na Thika yaweza kutuonyesha hitilafu iliyopo.

Reli ilifika Thika mwaka 1913, na kahawa na mkonge wa walowezi ukastawi kandokando yake. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza bei za mazao zilianguka. Mwaka 1921 walowezi wa Kenya wakaazimia kuwapunguzia Waafrika mishahara kwa thuluthi moja. Kiingereza chatosheka kusema "the consequent reduction of wages". Tukisema "kupunguzwa kwa mishahara kulikofuata", tumepanga matukio tu, moja nyuma ya jingine. Tukisema "kulikotokana na kuanguka kwa bei", mshahara umepungua kama maji yatokavyo chemchemini: hakuna aliyeamua. "Kulikosababishwa na" ni kugumu zaidi, kwani baada ya "na" pana nafasi ambayo sarufi hairuhusu ibaki tupu. Ijazwe na nini: bei, au walowezi? Swali hilo si la sarufi peke yake. Chama cha East African Association cha Harry Thuku, kilichoanzishwa mwaka huohuo 1921, kilipinga mishahara hiyo, kodi na kipande, yaani kiliijaza nafasi hiyo kwa watu. Thuku alikamatwa tarehe 14 Machi 1922, na siku mbili baadaye umati uliodai aachiliwe ukapigwa risasi mjini Nairobi.

Magazeti yetu yameongeza umbo la nne, "kufuatia", ambalo hutumika kwa "baada ya" na kwa "kwa sababu ya" bila ya kubagua. Binafsi naliona ni hasara. Chukua sentensi "kufuatia mvua nyingi, kahawa iliharibika". Mvua ilitangulia, ndiyo, na ilisaidia. Lakini kilichoozesha buni changa ni kuvu wa ugonjwa wa chulebuni, uliowatia wakulima wa Kenya hasara kubwa katika miaka ya 1960. Watafiti wa kituo cha kahawa cha Ruiru hawakuchanganya kilichotangulia na kilichosababisha: aina ya Ruiru 11, waliyoitoa mwaka 1985, ilizalishwa ili ihimili ugonjwa, si mvua.