Mzizi wa mti, na mistari 65 ya mihogo iliyopotea

Wandugu, mwaka wangu wa mwisho wa lisansi nilikuwa na daftari la shamba la majaribio: mihogo, aina mbili, vipande vinne vya shamba, mistari 96 ya vipimo. Nilichoka kuhesabu kwa mkono, njo nikaandika programu ndogo ya kusoma ile mistari na kutoa wastani. Ikasoma, ikaandika "sawa". Mbegu ya kienyeji ikashinda ile iliyoboreshwa. Kina mama wa ushirika mmoja walikuwa wananingoja, ili wajue watafute vipandikizi vya aina gani. Siku mbili kabla ya kutetea kazi, msimamizi wangu akauliza: "Kipande cha tatu na cha nne viko wapi?"

Havikuwamo. Programu ilikuwa imesoma mistari 31, ikanyamaza.

Kosa lilikuwa kwenye mzizi, na sisemi mzizi wa mihogo. Programu inayochambua maandishi inajenga mti wa sintaksia: namba ni jani, mstari ni tawi, faili nzima ni mzizi. Watu wa informatiki wanauchora kichwa chini, mzizi juu kabisa. Kwetu agronomia ukichora vile, unarudia mwaka. Nilitaka kujua nani aliamua nini kiwekwe pale juu, na kumbe ni hadithi ndefu.

Mwaka 1957, mwanaisimu Noam Chomsky wa MIT alitoa kitabu Syntactic Structures. Kwenye miti yake, pale juu kuna sentensi, nayo inagawanyika kuwa vikundi vya maneno. Kwa isimu inatosha, maana mtu anachambua sentensi moja moja. Juni 1959, kwenye mkutano wa UNESCO huko Paris, John Backus wa IBM alileta namna ya kuandika kanuni za lugha ya mashine mstari kwa mstari. Mdenmarki Peter Naur akainyoosha, akaitumia katika ripoti ya ALGOL 60. Katika toleo la ile ripoti lililorekebishwa, la mwaka 1963, programu inaelezwa hivi, kwa maneno yangu: ni fungu la amri ambalo halimo ndani ya amri nyingine. Mi napenda sana hii. Mzizi unatambulika kwa sababu hauna mzazi.

Lakini hapo kuna mtego. Katika ALGOL fungu linaweza kukaa ndani ya fungu lingine. Mashine ikimaliza kujenga fungu, itajuaje kama hili njo lile la juu kabisa, ama ni mtoto tu na mengine yanakuja? Kwa sura yanafanana. Tofauti iko nje yake: kuna kitu baada yake, ama hakuna?

Donald Knuth alilishika hilo katika makala yake ya 1965 juu ya kusoma lugha kutoka kushoto kwenda kulia. Aliweka kanuni moja mpya juu ya zote: mzizi mpya, na chini yake mzizi wa zamani pamoja na alama ya mwisho wa maandishi. Basi. Ile kanuni haiongezi neno hata moja kwenye lugha. Inachofanya ni kuikataza mashine kusema "nimemaliza" kabla haijaona mwisho kwa macho yake.

Ukifungua vifaa vya leo utaikuta. Bison inaongeza yenyewe kanuni iitwayo $accept, yenye alama $end nyuma. Sarufi ya Python inafunga faili kwa ENDMARKER, na mti wake wa faili una mzizi uitwao Module, hata kama ndani kuna mstari mmoja tu. ANTLR inamwachia mwandishi aandike EOF mwenyewe. Akisahau, chombo kinaweza kusoma kipande cha mwanzo, kikaridhika, kikaacha kilichobaki bila kulalamika.

Mimi sikutumia chombo chochote, niliandika kwa mkono, na kanuni yangu ya juu ilisema: mstari, urudiwe mara nyingi iwezekanavyo. Sikusema "halafu mwisho". Daftari lote nilitumia nukta kwenye namba, isipokuwa mstari wa 32 ambapo mkono ulirudi kwenye Kifaransa cha shule nikaandika 11,4 na koma. Mashine ikasoma 11, ikakuta koma isiyoijua, ikarudi nyuma hadi mwisho wa mstari wa 31. Pale ikahesabu kwamba "mara nyingi iwezekanavyo" imetimia. Kwa sheria nilizoipa mimi, haikukosea.

Usiku ule niliongeza neno moja kwenye mzizi. Mara hiyo hiyo programu ikakataa faili: kosa, mstari wa 32. Nikatoa koma nikaweka nukta, ikasoma yote 96. Kipande cha tatu na cha nne njo vile ambavyo ugonjwa wa batobato ulipiga sana mbegu ya kienyeji. Wastani ukageuka, iliyoboreshwa ikapita. Asubuhi, kabla ya kwenda kuchapisha upya kurasa sita, nilipigia simu mama mkubwa wa ushirika. Akaniuliza kama sasa nina hakika. Nikamwambia mistari ni 96, nimeihesabu na kwa vidole.