Masasi na Newala Katika Ramani: Kipimo, Majira na Mahame

Msafiri atokaye pwani ya Lindi kwenda bara huiona milima ya Masasi kabla hajauona mji wenyewe. Ni majabali makubwa yaliyosimama pweke juu ya nchi tambarare, mfano wa visiwa baharini. Kwa ajili ya majabali ya namna hiyo, aliyoyaona katika nchi za kusini katika miaka ya 1890, mtaalamu wa miamba wa Kijerumani Wilhelm Bornhardt alitumia katika kitabu chake cha mwaka 1900 neno lenye maana ya "mlima kisiwa", nalo likaenea katika vitabu vya jiografia vya dunia nzima. Milima hiyo haikusogea. Askofu Edward Steere aliikuta pale pale mwaka 1876, alipofika na watu waliokombolewa katika utumwa kuanzisha makazi ya misheni. Lakini watu, mashamba, njia na mipaka iliyoizunguka imehama mara nyingi, na kila kizazi cha wapima nchi kimeichora kwa kipimo chake. Hapo ndipo penye ugumu wa historia ya nchi hii: atakaye kujua ni nini kilichobadilika hana budi kuuliza kwanza kama iliyobadilika ni nchi au ni kipimo.

Ramani kuu ya Wajerumani ya Afrika ya Mashariki ilichorwa kwa kipimo cha 1:300,000, yaani milimeta moja ya karatasi ni meta 300 za ardhi. Kijiji chenye upana wa meta 300 huwa nukta tu, na nyumba chache za ukoo mmoja zilizojificha kichakani hazina nafasi kabisa. Mchoraji halaumiwi kwa hilo, maana hakuna kalamu iwezayo kuchora nyumba kwa upana wa sehemu moja ya thelathini ya milimeta. Wa kulaumiwa ni msomaji auonaye weupe wa karatasi akadhani ni utupu wa nchi. Na Wamakonde wa zamani ndio hasa waliopotea katika weupe huo, kwa kuwa aghalabu waliishi katika vitongoji vidogo vilivyotawanyika, kila kimoja na mashamba yake.

Newala yatoa mfano ulio wazi zaidi. Mji huo umejengwa ukingoni mwa uwanda wa Makonde, na asimamaye hapo hulitazama bonde la Ruvuma chini yake. Katika ramani ndogo Newala na mto huonekana kama majirani. Lakini kati yao pana mteremko wa mamia ya meta, na uwanda wenyewe hauna mito, kwani mvua inyeshayo juu yake huzama katika mchanga na kutokea chini, kwenye miguu ya magenge. Kwa vizazi vingi wanawake walishuka na mitungi mitupu, wakapanda nayo imejaa. Ramani isiyoonyesha vimo hupima njia hiyo kana kwamba ni ya ndege. Mwanamke aliyeibeba kichwani aliipima kwa asubuhi nzima.

Mwaka 1906 alifika Newala mtaalamu wa mila Karl Weule wa Leipzig, mwaka mmoja tu baada ya vita vya Maji Maji kuanza. Aliyoyaandika juu ya uwanda yana thamani mpaka leo. Aliona vichaka vizito, vilivyosongamana hata mtu asione hatua chache mbele, akaeleza kuwa havikuwa msitu wa tangu asili, bali ni mimea iliyoota upya katika mashamba yaliyolimwa, yakachoka, yakaachwa. Kwa maneno mengine, kichaka kilikuwa sehemu ya ukulima. Apitaye mara moja huona pori. Akaaye miaka ishirini huliona pori hilohilo likiwa shamba, kisha kichaka, kisha shamba tena.

Weule alifanya na jambo jingine, ambalo wanahistoria wa ramani wangefaa kulikumbuka zaidi: aliwapa baadhi ya wafuasi wa msafara wake karatasi na kalamu, wachore nchi walizozijua. Mmoja wao, Sabatele, Mmambwe wa kusini mwa Ziwa Tanganyika, alichora njia kuu ya misafara pamoja na vituo vyake. Ramani hiyo haina kipimo cha milimeta. Kipimo chake ni kituo na kituo, mahali pa kutua mzigo. Wako waliozitazama ramani za jinsi hii kama michezo ya watoto. Lakini kwa mtu atembeaye na mzigo mzito, zilisema kweli ambayo karatasi ya 1:300,000 haikuweza kuisema.

Baada ya Vita Kuu ya Pili kipimo kiligeuka. Mwaka 1946 Uingereza iliunda idara ya kupima nchi za makoloni, na kazi yake ilitegemea picha zilizopigwa kutoka katika ndege. Picha mbili zinazopandana zikitazamwa pamoja kwa chombo maalum, vilima huinuka machoni na mabonde hudidimia. Kwa njia hiyo zilipatikana ramani za Tanganyika za 1:50,000, na kijiji kilichokuwa milimeta moja kikawa milimeta sita. Basi mtu akiweka ramani hizo kando ya zile za Wajerumani akahesabu vijiji, atadhani watu waliongezeka ghafula, hali sehemu ya ongezeko hilo ni macho kukaribia.

Ni katika mwaka huohuo wa 1946 ujumbe ulioongozwa na John Wakefield ulipozunguka Afrika ya Mashariki kwa majuma tisa tu, mara nyingi ukiruka kwa ndege, kisha ukashauri ekari zaidi ya milioni 3 zilimwe karanga. Nachingwea, jirani ya Masasi, ilikuwa miongoni mwa mahali palipochaguliwa. Jicho la angani liliona nafasi. Halikuona udongo mgumu wala mvua zisizotabirika. Mpango huo uliachwa mwaka 1951, baada ya mamilioni ya fedha kupotea.

Setilaiti ya kwanza ya Landsat ilirushwa Julai 1972. Wakati huo watu wa mkoa wa Mtwara walikuwa wakihama, kwa kuwa vijiji vya ujamaa vilianza mapema katika mkoa huo, uliopakana na vita vya ukombozi wa Msumbiji. Na Novemba 1973 ikatangazwa kuwa kuishi vijijini ni amri. Hivyo mashine ilianza kupiga picha watu wakiwa njiani. Lakini kijisehemu kimoja cha picha zake, ambacho wataalamu hukiita pikseli, kilikuwa na upana wa meta 80 hivi, ambao ni zaidi ya nusu ya hekta. Nyumba, ua, mihogo na mikorosho michache ya mtu mmoja viliyeyuka vyote katika rangi moja.

Tena mikorosho ina hila yake. Haipukutishi majani wakati wa kiangazi, hali miti ya miombo hupukutisha. Picha ya Septemba na picha ya Aprili za mahali pamoja huweza kuonekana kama nchi mbili, bila hata mti mmoja kukatwa. Na wakulima walipowekwa mbali na mikorosho yao, magugu yaliingia chini yake. Ugonjwa wa ubwiriunga na bei duni vilimaliza yaliyobaki: mavuno ya korosho ya Tanzania, yaliyofika takribani tani 145,000 katika msimu wa 1973/74, yalishuka chini ya tani 20,000 mwaka 1986/87. Kutoka angani shamba lililotelekezwa ni la kijani kuliko lililopaliliwa. Mtu asiyejua angeandika kwamba misitu ya Newala inapona, na angeandika hivyo katika miaka ileile wenye mashamba walipokuwa wakifilisika.

Mipaka nayo huleta udanganyifu wake. Sensa ya mwaka 2002 iliihesabia wilaya ya Masasi watu 442,573. Ile ya mwaka 2012 iliihesabia watu 247,993. Mwanafunzi mwenye haraka atatafuta njaa, maradhi au uhamaji uliowaondoa watu karibu laki mbili. Hawakuondoka. Kati ya sensa hizo Nanyumbu ilifanywa wilaya yenye watu 150,857, na mji wa Masasi, wenye watu 102,696, ukahesabiwa peke yake. Zikijumlishwa sehemu zote tatu, watu walikuwa 501,546, yaani waliongezeka. Newala nayo ilikwisha kumegwa kabla ya hapo, ilipozaliwa Tandahimba, kwa hiyo hesabu zake za kabla ya mgawanyo haziwezi kuwekwa kando ya zile za baadaye mpaka zigawanywe upya, kata kwa kata.

Siku hizi setilaiti za Sentinel-2, ambazo ya kwanza ilirushwa mwaka 2015, hupiga picha kwa pikseli za meta 10, na mwembe mmoja mkubwa waweza kujaza pikseli nzima. Ni faida kubwa kwa mwenye kutafuta mahame, yaani makazi yaliyoachwa wakati wa kuhamia vijijini, kwa sababu miembe hubaki pale nyumba zilipoanguka. Picha itamwonyesha miembe mitatu katikati ya kichaka. Ilikuwa ua wa nani, na nani aliipanda, hilo atalipata kwa wazee wa Newala pekee, nao wanapungua.