Risasi Iliyokatazwa Vitani

Mwenye bastola ya kujihami nyumbani na askari polisi aliyeifunga kiunoni wana swali moja la kulijibu kabla ya siku ya shari kufika: watie ndani yake risasi ya aina gani? Muuza duka atakujibu kwa dakika mbili. Historia imelibishania kwa zaidi ya miaka 100.

Aina hasa ni mbili. Ya kwanza imefunikwa shaba hadi nchani. Hupenya mwilini na mara nyingi hutokea upande wa pili. Ya pili ina tundu nchani. Ikiingia mwilini hufunguka kama ua na aghalabu hubakia humo humo. Jamaa wa hii ya pili walitengenezwa miaka ya 1890 katika kiwanda cha silaha cha Dum Dum, karibu na Calcutta, India, na ndiyo asili ya jina la risasi za dumdum.

Mwaka 1899 mataifa yalikutana The Hague, Uholanzi, kuzizungumzia. Mjumbe wa Uingereza, Sir John Ardagh, alizitetea kwa hoja ambayo sisi Waafrika yafaa tuisikie: kwamba askari wa taifa lililostaarabika akijeruhiwa hulala chini akangoja machela, lakini mshenzi huzidi kuja mbele na mkuki wake. Mshenzi huyo alikuwa nani kama si babu zetu na wenzao wa Asia? Hoja yake ilishindwa, na risasi zinazopanuka mwilini zikapigwa marufuku tarehe 29 Julai. Lakini marufuku hiyo iliyabana mataifa yaliyoikubali tu, tena yanapopigana yenyewe kwa yenyewe. Vita vya kutawala makoloni havikuguswa. Polisi na raia pia hawakuguswa, na huko ndiko risasi hii ilikopata makao.

Marekani haikutia sahihi. Wakati huo majeshi yake yalikuwa Ufilipino, na askari walinung'unika kwamba bastola zao za inchi 0.38 hazimsimamishi mpiganaji wa Kimoro. Mwaka 1904 maofisa wawili, Thompson na daktari LaGarde, walikwenda kwenye machinjio ya Chicago wakapiga risasi ng'ombe walio hai. Walizipiga pia maiti za watu. Wakaamua kwamba risasi isipungue kipenyo cha inchi 0.45, na bastola ya Colt ya mwaka 1911 ikafuata kipimo hicho. Ng'ombe kadhaa, hata hivyo, waligoma kufa, ikabidi wamaliziwe kwa nyundo. Kwa maoni yangu fundisho kubwa lilikuwa hapo, na halikutiliwa maanani: bastola, hata iwe na mdomo mpana namna gani, ni silaha dhaifu kuliko watu wanavyodhani.

Lilikumbukwa Miami, tarehe 11 Aprili 1986. Wapelelezi 8 wa FBI waliwazuia majambazi wawili wa mabenki, Platt na Matix. Mapema katika mapambano hayo risasi ya milimita 9, ya aina ile yenye tundu, ilimpiga Platt mkononi, ikapita hadi kifuani, ikapasua pafu na kusimama kama inchi moja kabla ya kuufikia moyo. Jeraha hilo lilikuwa la kumuua. Lakini hakufa papo hapo. Aliendelea kufyatua bunduki yake, akawaua wapelelezi wawili, na wengine watano wakajeruhiwa, kabla yeye na mwenzake hawajauawa.

FBI iliilaumu ile inchi moja. Ikaitisha wataalamu, akiwemo daktari wa jeshi Martin Fackler, aliyekuwa akipiga risasi ndani ya jelatini, ute mgumu unaofanana na nyama. Kipimo kikawekwa: risasi ifunguke, lakini ipenye si chini ya inchi 12 wala si zaidi ya 18, hata ikianza kwa kupita kwenye nguo nzito. Nguo zina hila yake: hujaza lile tundu, na risasi ikapita bila kufunguka. Shirika likahamia bastola kubwa zaidi, ambazo maofisa wengi walishindwa kulenga nazo vizuri. Katikati ya miaka ya 2010 lilirudi kwenye milimita 9, risasi zikiwa zimeboreshwa sana.

Huku New York polisi walikuwa na shida nyingine. Risasi zao zilizofunikwa shaba zilimpita mhalifu na kuweza kumpata mama aliyesimama kituo cha basi. Mwaka 1998 mji huo ukatangaza kwamba polisi wake watahamia zenye tundu, kwa kuwahurumia wapita njia. Mwaka huo huo, mjini Roma, mataifa yaliandika mkataba wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, yakaitaja risasi hiyo hiyo kuwa kosa la kivita.

Mwaka 2010 wajumbe walikutana Kampala, Uganda, wakapanua kosa hilo hadi vita vya ndani ya nchi. Ikabidi wafafanue: kosa ni pale anayeitumia anapokusudia kuongeza mateso bila faida. Polisi anayemwokoa mateka kwa risasi ile ile hakukusudiwa.