Hesabu za Mashabiki: Habari za Mashindano ya Mtoano ya Vyuo Vidogo vya Marekani

Kila mwaka, mwezi wa Novemba unapoanza, katika miji midogo ya Ohio, Wisconsin, Minnesota na Pennsylvania huzuka mazungumzo ambayo mgeni asiyeyazoea angedhani ni ya makarani wa benki. Watu huhesabu. Huyu huitaja timu yake iliyoshinda mara tisa na kufungwa mara moja; yule humjibu kwamba hao tisa walioshindwa walikuwa dhaifu, na kwamba timu iliyofungwa mara mbili na wenye nguvu yastahili zaidi kuliko iliyofungwa mara moja na mnyonge. Wa tatu huuliza maili ngapi ziko baina ya chuo fulani na chuo fulani, na swali hilo, ambalo laonekana halihusiani kabisa na mpira, ndilo pengine lenye uzito kuliko yote. Hao ni mashabiki wa mpira wa vyuo vidogo, nao wanabashiri ni timu zipi zitakazoitwa katika mashindano ya mtoano, na iliyoitwa itafika wapi.

Mpira unaosemwa hapa si kandanda ijulikanayo katika Afrika ya Mashariki, bali ni ule wa Kimarekani, wenye mpira wa umbo la yai, ambao huchukuliwa mikononi na kurushwa, wachezaji 11 kila upande. Timu inayoupeleka mpira mpaka ng'ambo ya mstari wa mwisho wa adui hupata pointi 6, kisha hupewa nafasi ya kuongeza: pointi 1 kwa kupiga teke mpira upite kati ya milingoti, au pointi 2 kwa kuuvusha tena ule mstari. Hiyo nafasi ya mwisho itatajwa tena baadaye.

Chama kikubwa cha michezo ya vyuo nchini humo, NCAA, kiliwagawanya wanachama wake katika madaraja matatu mwaka 1973. Daraja la Kwanza ni la vyuo vile ambavyo mpira wake hutazamwa na taifa zima na huingiza mamilioni ya dola. Daraja la Tatu ndilo lenye wanachama wengi kuliko yote, zaidi ya vyuo 400, na zaidi ya 200 kati ya hivyo vina timu za mpira huu. Lakini katika daraja hilo ni mwiko kumpa mwanafunzi fedha za masomo kwa sababu ya ustadi wake wa mchezo. Kijana anayecheza huko hujilipia ada, au husaidiwa kama asaidiwavyo mwanafunzi mwingine ye yote. Basi hachezi kwa ajili ya mkate wake, na ni wachache mno watakaocheza kwa mshahara baadaye. Kwa hiyo, mashindano ya mwisho wa msimu ndiyo heshima kubwa kuliko zote atakayoipata uwanjani katika maisha yake, na kuachwa nje ya mashindano hayo ni hasara isiyolipika mwaka unaofuata, hasa kwa yule aliye katika mwaka wake wa nne.

Kabla ya 1973, vyuo vidogo havikuwa na njia moja ya kumjua bingwa. Chama kingine, NAIA, ndicho kilichotangulia kuweka fainali yake, mwaka 1956, katika mji wa Little Rock, Arkansas. Montana State ilikutana na Saint Joseph's ya Indiana, na mchezo ukaisha bila upande wo wote kupata hata pointi moja. Vyuo vyote viwili vikaitwa mabingwa. Ni mwanzo wa kuchekesha kwa mashindano yaliyokusudiwa kukata shauri. Mashirika ya habari nayo yalijaribu kwa njia yao: UPI tangu 1958 na AP tangu 1960 yalitoa orodha za timu bora za vyuo vidogo. Lakini wapigaji kura walihukumu timu nyingi ambazo hawakupata kuziona zikicheza, na shabiki wa chuo kisichotajwa na magazeti alikuwa na haki ya kuuliza hukumu hiyo ilitokana na nini.

NCAA ilipoanzisha mtoano wa Daraja la Tatu mwaka ule wa 1973, iliita timu nne tu. Fainali ilichezwa Phenix City, Alabama, na Wittenberg ya Ohio ikaifunga Juniata ya Pennsylvania 41 kwa 0. Fainali hiyo ilipewa jina la Amos Alonzo Stagg, mwalimu wa mpira aliyezaliwa 1862 na kufariki 1965 akiwa na umri wa miaka 102, na jina hilo lina kisa chake. Stagg aliufundisha mpira Chuo Kikuu cha Chicago kutoka 1892 mpaka 1932, wakati chuo hicho kilipokuwa miongoni mwa mabingwa wakubwa wa nchi. Baada yake, mkuu wa chuo, Robert Maynard Hutchins, aliona mpira unawapotosha watu katika kazi ya elimu, na mwaka 1939 chuo kikauacha kabisa. Uwanja uliobaki mtupu ulipata kazi nyingine: mwezi Desemba 1942, chini ya majukwaa yake, wataalamu wakiongozwa na Enrico Fermi walifanikiwa kwa mara ya kwanza kuendesha mfululizo wa kupasuka kwa atomu. Chicago ilipoirudisha timu yake rasmi mwaka 1969, haikurudi kwa wakubwa. Iliingia katika safu ya vyuo vidogo, na humo imekaa. Kwa hiyo jina la Stagg juu ya fainali ya wadogo lafaa kuliko pengine walivyofikiri waliolichagua.

Idadi ya timu zinazoitwa iliongezeka polepole: nane mwaka 1975, kumi na sita mwaka 1985. Katika miaka hiyo Augustana ya Illinois, chini ya Bob Reade, ilitwaa ubingwa mara nne mfululizo, 1983 hadi 1986, na ikacheza michezo 60 bila kufungwa hata mmoja. Dayton nayo, iliyoifunga Ithaca 63 kwa 0 katika fainali ya 1980, ilileta manung'uniko ya namna nyingine. Kwani katika michezo mingine chuo hicho kilikuwa cha Daraja la Kwanza, na wapinzani waliona kuwa mkubwa amevaa nguo za mtoto. NCAA ilikuja kulikomesha jambo hilo kwa sheria mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Lakini badiliko lililo kubwa kuliko yote ni la 1999. Mpaka hapo timu zote ziliteuliwa na kamati, na nchi iligawanywa kanda nne, kila kanda ikitoa timu nne. Chuo kiliweza kushinda ligi yake yote na bado kikakaa nyumbani kwa sababu wajumbe hawakuiheshimu ligi hiyo. Mwaka 1999 idadi ilifika timu 28, na mabingwa wa ligi zilizotimiza masharti wakaingia kwa haki, bila kuombewa na mtu. Wengine wagombee nafasi zilizosalia. Tangu siku hiyo mazungumzo ya mashabiki yaligawanyika mafungu mawili. Shabiki wa bingwa wa ligi hana la kuhesabu ila nani atakutana naye, na kama mchezo utakuwa kwao au ugenini. Shabiki wa timu iliyoshika nafasi ya pili ndiye mwenye kukosa usingizi. Hata idadi ilipofika timu 32, mwaka 2005, nafasi hizo za kugombewa hazikuwa nyingi; miaka mingine zilikuwa tano au sita kwa nchi nzima, na kadiri ligi zenye haki zilivyoongezeka ndivyo zilivyopungua. Timu iliyoshinda mara tisa yaweza kuwa ya saba katika foleni ya watu sita.

Hapo ndipo ulipokuwa ugomvi wa kweli, na si ugomvi wa kipuuzi. Timu hizi hucheza michezo kumi tu kabla ya mtoano, na mingi ya hiyo ni ya ligi yao. Bingwa wa Minnesota na bingwa wa Pennsylvania pengine hawakukutana na adui mmoja wa pamoja. Basi yampasa mtu kulinganisha kwa mnyororo: A alimfunga B, B alimfunga C, na C akafungwa na D kwa pointi moja tu. Mashabiki waliifanya kazi hii kwa bidii kuliko wajumbe wenyewe, na mara nyingi walitaja orodha iliyokaribiana mno na ile ya kamati kabla haijatangazwa. Wajumbe walitumia vipimo vile vile: ushindi, nguvu ya wapinzani, na matokeo dhidi ya timu zilizomo katika orodha ya kanda. Mwaka 2024, timu zilipofanywa 40, uteuzi uliwekwa juu ya kipimo kimoja cha tarakimu. Kilichokuwa mabishano ya vibarazani kikawa kanuni ya mashine. Na ingawa kanuni hiyo ina haki zaidi kwa yule asiye na msemaji katika kamati, yafaa kukiri kwamba imewanyang'anya wazee wengi starehe yao.

Zimebaki zile maili. Daraja la Tatu haliingizi fedha nyingi, na chama ndicho kinacholipa safari za mtoano. Kwa miaka mingi kanuni ilikuwa kwamba timu iliyo umbali usiozidi maili 500 husafiri kwa basi, na ikizidi hapo huenda kwa ndege, na ndege ni ghali. Kwa hiyo waliopanga michezo walitazama ramani kabla ya kutazama uwezo. Vyuo vya Texas na vya pwani ya magharibi, vilivyo mbali na wenzao, viliumia kuliko wote: timu mbili zenye nguvu ziligonganishwa mapema, hata zilizokwisha kukutana katika ligi, ilhali mashariki timu dhaifu zilipita kwa kukutana na dhaifu wenzao. Linfield ya Oregon, chuo ambacho kwa zaidi ya miaka 60 mfululizo kimeshinda michezo mingi kuliko iliyofungwa kila msimu, ilikuja kupata ubingwa mwaka 2004 kwa kuifunga Mary Hardin-Baylor ya Texas 28 kwa 21. Mashabiki wa pande hizo mbili, wanapolalamika juu ya ramani, hawalalamiki bure.

Hata hivyo zilikuwapo zama ambazo hesabu zote zilikuwa za kutafuta nani atafungwa na Mount Union. Chuo hicho cha mji wa Alliance, Ohio, chini ya Larry Kehres, aliyefundisha 1986 hadi 2012, kilishinda michezo 332, kikafungwa 24 na kutoka sare 3, na kutwaa ubingwa mara 11. Mwanawe Vince akaongeza mara mbili, 2015 na 2017. Kilishinda michezo 54 mfululizo mpaka Rowan ya New Jersey ilipokizuia katika nusu fainali ya 1999. Kisha kikashinda 55 mingine, mpaka fainali ya 2003 huko Salem, Virginia, mbele ya Saint John's ya Minnesota. Mwalimu wa Saint John's, John Gagliardi, alikuwa na miaka 77. Aliwakataza wachezaji wake kuangushana katika mazoezi, na hakutaka kuitwa kwa cheo cha ualimu, bali kwa jina lake tu. Wabashiri wachache walimpa nafasi. Alishinda 24 kwa 6, na alipostaafu mwaka 2012 alikuwa amefikisha ushindi 489, ambao hakuna mwalimu wa mpira wa vyuo aliyepata kuufikia.

Kutoka 2005 mpaka 2011 fainali saba mfululizo zilikuwa za Mount Union na Wisconsin–Whitewater, na zote mbili huvaa zambarau, hata majukwaa ya Salem yakaonekana ni ya timu moja. Wengi walichoka. Walisema mtoano wa timu 32 wenye mwisho unaojulikana ni safari ndefu ya kwenda jirani. Lakini wenye kusema hivyo walisahau kwamba katika fainali hizo saba Mount Union ilishinda tatu na Whitewater nne, na kwamba ya 2011 iliamuliwa kwa 13 kwa 10.

Wala mambo hayakubaki hivyo. Mwezi Desemba 2023, Salem tena, North Central ya Illinois ilikuja na ushindi 29 mfululizo, na Cortland ya New York haikuwahi kufika fainali. Karibu na mwisho North Central ilivusha mpira na kubakiza upungufu wa pointi moja, 38 kwa 37. Teke moja lingesawazisha. Wakachagua kujaribu zile pointi 2, wakakosa, na Cortland ikawa bingwa.

Katika hesabu hizi zote palikuwa na kundi lililokaa nje kwa hiari yake. Ligi ya NESCAC, yenye vyuo vya kale kama Amherst, Williams na Wesleyan, iliwakataza wachezaji wake wa mpira huu kuingia katika mtoano kwa hoja ya kulinda masomo, ingawa michezo mingine ya vyuo hivyo hivyo iliruhusiwa. Timu zilizomaliza msimu bila kufungwa zilivua nguo na kurudi vitabuni, na hakuna aliyeweza kusema zingefika wapi. Mwaka 2025 wakuu wa vyuo walilikubali ombi lililoletwa na wanafunzi wenyewe, na bingwa wa ligi hiyo akapewa nafasi kuanzia msimu wa mwaka 2026. Mashabiki wao, waliozoea kufunga hesabu katikati ya Novemba, wakawa na majuma zaidi ya kuhesabu.