Deni la Mkulima na Asili ya Ushirika

Katika kutimiza miaka kumi ya Chama chetu Kikuu, yatupasa kukumbuka, licha ya mizani na maghala, adui aliyewafanya wakulima wa kale waungane. Adui huyo ni deni.

Mwaka 1844 wafumaji wa Rochdale, Uingereza, walifungua duka lao kwa sharti la kuuza kwa fedha taslimu, maana walikwisha kuona jinsi mkopo wa dukani unavyomfunga maskini. Mwaka 1864, huko Heddesdorf, Ujerumani, Friedrich Wilhelm Raiffeisen alianzisha chama cha kukopeshana ili wakulima wasiangukie mikononi mwa wala riba.

Katika Tanganyika, serikali ya Waingereza ilitunga mwaka 1931 sheria ya kuzuia mikopo kwa wenyeji. Mfanyabiashara asiye mwenyeji aliyemkopesha Mwafrika pasipo kibali hakuweza kumdai mahakamani. Sheria hiyo ilimkinga mkulima asifilisiwe, lakini pia ilimfungia mlango wa mkopo wa halali. Mwaka 1932 ikafuata Sheria ya Vyama vya Ushirika.

Vyama navyo vilipata misukosuko. Vyama vikuu vilivunjwa mwaka 1976, vikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, na baadaye vingi vikalemewa na madeni ya benki.

Hapa Mgeta, mashamba ya miteremko ya Uluguru ni madogo, na kabichi haingoji. Mwenye deni la mbolea au la ada ya shule huuza karoti zingali ardhini, kwa bei aitakayo mnunuzi, na magunia yakajazwa lumbesa. Msimu ukirudi hana mbegu, hukopa tena. Hivyo mtu hufilisika pasipo kuitwa mahakamani hata siku moja. Ndiyo sababu soko la Nyandira, lililojengwa kwa juhudi za MVIWATA, mtandao wa wakulima ulioanzishwa mwaka 1993, lina maana kubwa kwetu: mkulima ajuaye bei hapunjwi kwa urahisi.

Ndugu wanachama, sheria yenyewe haikusudii kumwacha mdaiwa mikono mitupu. Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai ya mwaka 1966 yakataza kukamata, kwa ajili ya kutekeleza hukumu, vyombo vya kupikia, matandiko, na zana na mbegu ambazo mkulima hana budi kuwa nazo ili apate riziki. Aliyenyang'anywa jembe atalipa kwa nini? Lakini mali iliyowekwa rehani ina hukumu nyingine. Basi mtu asitie sahihi kabla ya kusomewa masharti yote.

Wazee walisema, kukopa harusi, kulipa matanga. Mwanachama aliyeelemewa na aje kwa kamati mapema, kabla hajauza mazao machanga, aeleze mapato yake, chakula cha nyumbani na kila anachodaiwa. Kamati nayo isimfedheheshe, bali impangie malipo anayoyaweza, ikimwachia mbegu ya msimu ujao. Na viongozi wasome madeni ya chama waziwazi katika kila mkutano mkuu, maana chama nacho chaweza kufilisika.