Saini ya Heroini: Wakemia Wanavyofuata Nyayo za Unga

Najua wengi wenu huja hapa kusoma mambo ya misimbo na tarakilishi, lakini leo tutazungumza kemia. Msikimbie! Ukiichimba hadithi hii utakuta hifadhidata, na hiyo ni kazi yetu.

Swali ni hili: polisi wamekamata kilo hamsini za heroini ndani ya gari. Waliokuwa nazo hawasemi kitu, ama wanasema uongo. Je, unga wenyewe unaweza kueleza umetoka wapi?

Swali hilo lina umri mkubwa kuliko wengi wetu. Mwaka 1948 Baraza la Uchumi na Jamii la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio la kutafuta njia za maabara za kujua afyuni fulani imetoka nchi gani. Serikali ziliombwa zitume sampuli, na wakemia wakaanza kupima: rangi, majivu, kiasi cha mofini, kodeini, thebaini, papaverini na noskapini. Yaani walikuwa wanajenga jedwali, safu moja kwa kila kemikali na mstari mmoja kwa kila sampuli. Vifaa vyao vilikuwa vya kizamani. Kromatografia ya gesi, ambayo leo ni kifaa cha kawaida katika maabara ya aina hii, ilielezwa na James na Martin wa Uingereza mwaka 1952 tu. Mashine hiyo huugeuza mchanganyiko kuwa mvuke na kuupitisha kwenye mrija mrefu mwembamba. Kila kemikali hutembea kwa mwendo wake, hivyo hutoka moja moja na kuhesabiwa.

Tatizo ni kwamba wauzaji wakubwa hawasafirishi afyuni mbichi. Mofini hutolewa kwenye afyuni, kisha hugeuzwa kuwa heroini kwa kutumia kemikali nyingine, mara nyingi katika vibanda visivyo na vifaa vya maana. Na hapo ndipo mkemia anapopata bahati yake, kwa sababu kazi chafu huacha mabaki. Kodeini iliyokuwa imebaki ndani ya mofini nayo hugeuzwa, ikawa asetilikodeini. Noskapini na papaverini husalia kwa wingi au kwa uchache kulingana na mpishi alivyosafisha. Heroini ya Kusini Magharibi mwa Asia, yaani upande wa Afghanistan, kwa kawaida huwa na noskapini nyingi kuliko ile nyeupe ya Kusini Mashariki.

Sisi watengenezaji wa programu tunalifahamu jambo hili. Ukinipa programu iliyokwisha kupitishwa kwenye kompaila, bila msimbo wake asilia, bado naweza kukisia ni kompaila gani iliyotumika, na pengine toleo lake. Kila chombo huacha tabia zake ndani ya kile kinachotengeneza.

Idara ya Marekani ya kupambana na mihadarati, DEA, ilianzisha mpango wake wa saini za heroini mwaka 1977. Sampuli hupimwa, saini yake hulinganishwa na zile za sampuli ambazo asili yake inajulikana, kisha huwekwa katika kundi: Mexico, Amerika Kusini, Kusini Mashariki mwa Asia au Kusini Magharibi mwa Asia. Na kuna kundi la tano: haijulikani. Likumbukeni hilo la tano.

Baadaye ikaja mbinu ya isotopi, ambayo kwangu ndiyo tamu kuliko zote. Kaboni na nitrojeni zina atomu za kawaida na zingine chache zenye uzito wa ziada. Mmea hujenga mwili wake kwa hewa, maji na udongo wa mahali ulipo, na uwiano wa atomu nzito na nyepesi ndani yake hutofautiana kutoka eneo moja hadi jingine. Mwaka 2000 James Ehleringer wa Chuo Kikuu cha Utah na wenzake walichapisha katika jarida la Nature kipimo cha majani 200 ya koka kutoka Bolivia, Colombia na Peru. Walipounganisha isotopi na alkaloidi ndogondogo za koka, walitambua eneo sahihi kwa asilimia 96. Kwa heroini kazi ni ngumu zaidi, maana sehemu ya kaboni yake haikutoka shambani bali kwenye kemikali ya kiwandani. Wakemia hulizunguka tatizo hilo kwa kuirudisha heroini kuwa mofini, kisha wanaipima mofini hiyo.

Sasa kesi yenyewe. Aprili 2003 meli ya Korea Kaskazini iitwayo Pong Su, ikipeperusha bendera ya Tuvalu, ilikaribia pwani ya jimbo la Victoria, Australia. Usiku, katika bahari iliyochafuka, mashua ndogo ilipeleka heroini ufukweni. Mtu mmoja alikufa maji. Polisi walikamata kilo 50 za kwanza, meli ikakimbia, na baada ya kufukuzwa kwa siku kadhaa ilivamiwa na wanajeshi Aprili 20. Kilo 75 nyingine zilikutwa baadaye zimefukiwa ardhini.

Wakemia wa Australia na wa DEA waliupima unga huo. Haukufanana na kundi lolote kati ya yale manne. Isotopi nazo zilikataa, na matokeo hayo yakachapishwa mwaka 2006. Kundi la tano!

Mtu mwenye haraka atasema: meli ni ya Korea Kaskazini, saini haijawahi kuonekana, basi heroini imepikwa Korea Kaskazini. Mimi nakataa, na ningekataa hata kama ningekuwa afisa wa polisi. Ili useme unga umetoka mahali fulani, lazima uwe na sampuli ya mahali hapo. Hifadhidata isiyo na mstari wa Korea Kaskazini haiwezi kurudisha jibu "Korea Kaskazini". Inachoweza kusema ni kwamba hakuna mstari unaolingana, na maana ya jibu hilo ni finyu sana. Wanaume wanne waliohusika na shehena ufukweni walikiri makosa. Nahodha na maafisa wake watatu walishtakiwa, na Machi 2006 jopo la mahakama likawaona hawana hatia. Mwezi huohuo ndege za kivita za Australia ziliilipua meli hiyo baharini.

Kuna anayeuliza haya yanatuhusu nini sisi wa huku? Yanatuhusu sana. Aprili 2014 meli ya kivita ya Australia, HMAS Darwin, ilikamata kilo 1,032 za heroini kwenye jahazi katika bahari ya mashariki mwa Mombasa. Agosti mwaka huohuo serikali yetu ililipua meli Al Noor, iliyokuwa imebeba heroini, mbele ya Rais Uhuru Kenyatta. Heroini ya njia hii imekuwa ikitoka Afghanistan, ikipakiwa pwani ya Makran huko Iran na Pakistan.

Lakini Aprili 2022 Taliban walipiga marufuku kilimo cha afyuni, na kufikia 2023 Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba mashamba ya Afghanistan yamepungua kwa asilimia 95. Myanmar ikashika nafasi ya kwanza duniani. Bado kuna akiba ya afyuni ya zamani, kwa hiyo mabaharia na majahazi yaleyale wanaweza kuendelea kuonekana kwa muda. Unga ukianza kutoka upande mwingine, jahazi halitakuonyesha. Atakayeona kwanza ni mkemia, siku ile noskapini itakapopungua kwenye karatasi yake ya majibu.